Maji Yaliyobaki Mlimani

Nianze na fimbo, kwa sababu bila fimbo ile watu kumi na mmoja wangeendelea kuzeeka vizuri, na mimi ningeendelea kujiona mtu mwema.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa tano mwaka 1976. Mkubwa mmoja wa Chama alitoka Kinshasa kuja kutazama baraji yetu. Yenyewe ilikuwa ndogo: ukuta wa saruji ulioziba kijito cha Cidorho, upande wa Mumosho, na nyuma yake ziwa lililotengenezwa na watu, refu kwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Umeme wake uliendesha usine, kiwanda cha kahawa, na uliobaki uliwaka katika nyumba za wakubwa wa shirika. Mkubwa alitembezwa kwa mtumbwi wa injini. Alivaa suti ya kijani ya abakosti, na mkononi alishika fimbo ya mpingo yenye kichwa cha pembe ya ndovu, aliyopewa na Mwenyewe, yaani yule ambaye picha yake ilining'inia katika kila biro ya Zaire. Tulipofika katikati ya ziwa akasimama atuonyeshe kwa fimbo mahali ambapo angependa kujengewa nyumba ya mapumziko. Mtumbwi ukayumba, fimbo ikamponyoka. Mpingo hauelei. Tulibaki tunatazama mapovu, kimya, kama watu waliofika kwenye matanga wasiomjua marehemu.

Jioni ile ile, kabla ya kupanda ndege, mkubwa aliacha amri iliyopigwa taipu na kugongwa muhuri: ziwa likaushwe, fimbo ipatikane.

Mimi nilikuwa mkuu wa vipimo vya maji. Kwa mama yangu na kwa padri aliyenibatiza nilikuwa Grégoire, lakini miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa, basi kwenye karatasi za shirika niliitwa Citoyen, yaani Mwananchi, Cirhuza. Watu wa mlimani hawakujali hilo wala lile. Waliniita Papa Injenyeri, nami niliipenda sana sauti ya jina hilo, nisiseme uongo.

Kazi yangu inabidi niieleze, maana kosa lilizaliwa humo. Watu wengi hudhani ziwa la baraji linaishia pale maji yanapogusa nyasi. Si kweli. Maji huingia chini ya nyasi, hupenya katika udongo polepole, hupanda ndani ya mlima bila mtu kuyaona, mwaka mzima, miaka miwili. Mlima unakunywa. Ili kujua umekunywa kiasi gani, shirika lilichimba visima saba kwenye mteremko ulio juu ya ziwa, na kila kisima kilikuwa na mtu wake wa kukipima asubuhi. Kisima cha nne kilikuwa katikati ya migomba ya mama mmoja aitwaye Emérence. Mtoto wake wa pekee ni Noëlla, kwa hiyo wote tulimwita Mama Noëlla. Mume wake, Venant, alikuwa akishusha mikungu ya ndizi na kwenda kuiuza katika soko la Kadutu.

Mama Noëlla hakuwahi kukaa darasani. Nilimpa kamba yenye jiwe dogo mwishoni na mafundo mengi, na nilimfundisha kuhesabu kwa Kifaransa mafundo yaliyobaki makavu. Kabla ya ziwa kujaa alikuwa akiniletea "quatorze", kumi na nne. Mwaka mmoja baadaye alileta "dix", kumi. Mwaka wa pili akaleta "six", sita, ikabaki hapo. Kila Jumamosi nilimpa kipande cha sabuni. Alikuwa mwaminifu kuliko mimi: mvua inyeshe, mtoto augue, saa moja na nusu yuko mlangoni mwa biro na namba yake mdomoni.

Mara moja tu alilalamika. Sisi Bashi ndizi za kasiksi, pombe yetu, tunaziivisha ndani ya shimo, juu ya majani, kwa joto la moto mdogo. Shimo lake, ambalo baba mkwe wake alilitumia maisha yake yote, lilianza kutoa jasho, kisha likawa na maji, na mkungu mzima ukaoza. Nilimwambia achimbe jingine juu zaidi na asinung'unike, kwani sasa alikuwa na maji nyuma ya nyumba na hakuwa tena na haja ya kushuka Cidorho na mtungi mgongoni. Nikamwambia hivi, na maneno haya ninayakumbuka moja moja:

"Mama Noëlla, maji ikikala palepale, ulale usingizi. Siku itashuka, njo ukimbie kuniambia."

Nilisema vile kwa sababu kilichotuogopesha sisi wakati huo ni ukuta wa baraji kuvuja. Ukuta ukivuja, visima vinashuka. Nusu ya pili ya somo sikumfundisha. Katika chumba cha vali kulikuwa na kibao cha chuma, kilichoachwa na wale walioijenga baraji: ziwa lisishushwe zaidi ya sentimeta thelathini kwa siku. Maji ya ziwa hutoka kwa siku chache ukitaka, lakini maji yaliyonywewa na mlima hayana haraka hiyo. Ukiliondoa ziwa kwa pupa, udongo unabaki umelowa, mzito, na kile kilichokuwa kimeuegemeza hakipo. Nilidhani hakuna kichaa ambaye angefanya hivyo, basi kwa nini nimchanganye akili mama wa watu?

Jumatatu asubuhi Direkta wa shirika aliniita. Zamani alikuwa Stanislas, karani wa kupima kahawa, kabla wazungu hawajanyang'anywa shirika na yeye kuamka siku moja akiwa na kiti cha ngozi. Ile amri ilikuwa mezani mbele yake.

"Fungua vali yote," akasema.

"Citoyen Directeur, tukifungua yote, ziwa itashuka mita mbili kwa siku. Ule mulima iko imejaa maji ndani. Iko kama mulevi mwenye anaegemea ukuta. Unaondoa ukuta, ataanguka."

Akacheka mpaka akafuta macho.

"Unataka niandike Kinshasa kama mulima iko imelewa?"

"Basi tuondoe batu ya pale juu kwanza. Nyumba tisa tu. Siku tatu, ine."

Hapo hakucheka tena. Aliinuka akafunga mlango. "Unawaondoa, batauliza juu ya nini. Batasema baraji imepasuka. Mu siku mbili Bukavu yote itakuwa inasema baraji ya Citoyen fulani imepasuka, na mukubwa atasikia. Ile iko na jina, Cirhuza. Inaitwa sabotage, kuhujumu Serikali. Unajua kule batu ya sabotage banalalaka." Akakaa tena, akaniambia kwa sauti ya upole, jambo lililonitisha zaidi. "Ile nyumba yenu ya Nyalukemba, Yolande anaipenda, hapana? Iko ya shirika."

Yolande ni mke wangu. Tulikuwa tumehamia Nyalukemba mwezi wa pili. Kutoka barazani ulikuwa unaona Ziwa Kivu lote. Alikuwa amepanda maua ya waridi kando ya ngazi, na ndiyo, aliipenda. Nilishuka chumba cha vali, nikazungusha gurudumu lile mwenyewe, mpaka likagoma.

Kufika Jumanne asubuhi ziwa lilikuwa limeshuka mita mbili. Mama Noëlla akaja mbio.

"Six, Papa Injenyeri! Ziwa inashuka, lakini kwetu iko six!"

Nikaandika sita katika kaye, daftari langu la vipimo.

Jumatano zilikuwa mita nne. Wafanyakazi wa usine na wanakijiji waliitiwa salongo, kazi ya lazima: kila mtu mzima aingie katika tope na kupapasa kwa mikono, kutafuta fimbo ambayo hawakuwahi kuiona. Tope liliwafika mapajani. Kando ya ziwa maji yalikuwa yameondoka, pamebaki harufu ya samaki wanaokufa, na wanawake waliozoea kuchota pale hawakuwa na pa kuchota. Mama Noëlla akaleta tena sita, na safari hii alikuwa na fahari kabisa.

"Bamama ya chini banakuja kuchota kwangu. Nawaambia: mulima yetu iko nguvu, haimwange maji hovyo. Papa Injenyeri alishasema, maji ikikala palepale, mulale usingizi."

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika sita, na ingawa haikuwa Jumamosi nilifungua kabati nikampa sabuni, vipande viwili. Alishangaa, akanibariki mimi na Yolande na watoto tutakaojaliwa.

Siku ile ile mchana redio ya foni ilisema kutoka Kinshasa kwamba mkubwa amepewa fimbo nyingine, nzuri kuliko ile ya kwanza, na mambo ya Cidorho ameyasahau. Nilipanda ngazi za biro mbili mbili. Direkta alikuwa anakula.

"Tufunge vali, sasa hivi," nikamwambia.

"Karatasi ya kufungua iko wapi?"

"Iko hapo mezani mwako."

"Na karatasi ya kufunga iko wapi?" Akameza tonge. "Foni haina muhuri. Siku karatasi itafika, utafunga."

Ningeweza kuifunga bila karatasi. Mkono ulikuwa wangu na gurudumu lilikuwa lile lile. Watu wakiniuliza leo kwa nini sikuifunga huwa nawapa sababu nyingi: askari waliosimama mlangoni mwa chumba cha vali, jirani yangu mmoja aliyechukuliwa mwaka uliotangulia na kurudishwa bila meno. Zote ni za kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimeanza kujiambia huenda mlima hautaanguka. Mwoga akitaka kukaa kimya hujifanya ana matumaini.

Alhamisi Mama Noëlla hakuchelewa. Six. Alikuwa anacheka. Kila kijiji kilikuwa kimeagizwa mitungi ya kasiksi kwa sikukuu ya Chama ya tarehe ishirini, na akina mama wa nyumba za chini, kwa kuwa kwake kulikuwa na maji na hakukuwa na tope, walikubaliana wote kukamulia ndizi zao kwake. Kesho, Ijumaa. Watakuwa wengi, na itakuwa furaha. Alipokuwa ameshageuka kuondoka akakumbuka kitu.

"Juu ya shamba udongo imepasuka kidogo. Ufa murefu, mguu inaingia. Venant ameijaza majani ya migomba na udongo, juu mbuzi isivunjike mguu."

Nilimwuliza ufa una urefu gani. Akasema unatoka kwenye mti wa misave mpaka kwa jirani, nyumba ya tatu. Nikasema vizuri.

Usiku sikulala, na Yolande aliponiuliza nina nini nilimwambia tumbo.

Ijumaa saa nne nilipanda mlima kwa miguu yangu. Nataka hili lijulikane, kwa kuwa kwa miaka mingi nimejidai moyoni kwamba nilipanda ili kuwaambia. Njiani nilirudia maneno: ondokeni, chukueni watoto, acheni ndizi. Ni maneno machache, hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyashika.

Nilipofika niliwakuta wanawake wanane wamezunguka mtumbwi wa kukamulia, wanafikicha ndizi mbivu kwa nyasi, mikono imejaa povu mpaka viwikoni. Wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye magogo wakingoja kuonja. Noëlla, msichana wa miaka kumi na mbili, alikuwa shule kwa masista. Venant alikuwa Kadutu. Niliutazama ule ufa. Majani ya migomba aliyoyajaza Venant yalikuwa yamezama chini, na ufa ulikuwa umefunguka zaidi. Sasa ungeweza kumeza mguu mpaka gotini. Chini ya nyumba, mahali ambapo ziwa lilikuwa limeuegemeza mlima kwa miaka, kulikuwa na mteremko mtupu wa matope, na kwenye matope yale, hapa na pale, maji yalikuwa yanatoka taratibu mlimani na kumetameta juani. Akina mama waliyaonyesha kwa vidole kwa kupendezwa. Mmoja alisema Bikira Maria ametupa chemchemi.

Mama Noëlla alinifutia kigoda kwa kitenge chake, akaniletea kikombe cha maji ya ndizi yasiyochachuka bado, matamu, yenye uvuguvugu. Nikanywa. Na yeye, akiwa amesimama mbele yangu, mikono inachuruzika, akauliza mbele ya wote:

"Papa Injenyeri, banasema ile ufa iko mubaya. Mie nasema tuulize mwenye anajua. Tuko muzuri hapa?"

Wote wakaacha kufikicha, wakanigeukia. Niliwaza sabotage. Niliwaza wale wanawake wanane wakishuka mbio na kupiga kelele mpaka barabarani, na swali litakaloulizwa baadaye: nani aliwaambia? Niliwaza ngazi zenye waridi. Yote hayo yalinipita kichwani kwa muda wa kumeza mate.

"Muko muzuri," nikasema.

"Munasikia?" akawaambia wenzake, na wakarudi kwenye ndizi zao wakiimba. Nilimaliza kikombe, nikashukuru, nikashuka.

Saa tisa alasiri nilikuwa biro. Hapakuwa na kishindo kikubwa kama watu wanavyodhani. Kulikuwa na sauti ndefu ya kitu kizito kinachoburutwa, na madirisha yakatetemeka kidogo, kisha mbwa. Nilipotoka nje migomba ya Mama Noëlla ilikuwa bado imesimama wima, lakini ilikuwa chini, katikati ya ziwa kavu, imepandwa katika tope kana kwamba imekuwa pale siku zote. Nyumba nne hazikuwapo. Katika wote waliokuwa kwenye mtumbwi wa ndizi, pamoja na wale wazee wawili na Mama Noëlla mwenyewe, hakutoka hata mmoja.

Hapo ndipo vali ilifungwa. Karatasi ya kufunga iliandikwa pale pale biro, kwa dakika tano, na muhuri ukapatikana.

Walichimba Jumamosi, wakawapata watatu. Jumatatu Direkta alisema usine haiwezi kukaa gizani wiki ya sikukuu, ziwa lijazwe. Maji yakapanda juu ya wanane waliobaki. Padri alisimama ukingoni akasoma maombi yake haraka kwa sababu pale aliposimama palikuwa panalowa.

Ripoti niliiandika mimi. Direkta alisema, nami nikapiga taipu: sababu ya maporomoko ni mashimo ya kuivishia ndizi, yaliyochimbwa na wanakijiji bila ruhusa, na ufa ambao wenyewe waliuficha kwa majani badala ya kutoa taarifa. Nilikuwa naijua namba ya kila kisima kwa kila siku ya wiki ile. Namba hizo hazikuingia katika ripoti. Nilisahihisha makosa mawili ya herufi nikatia saini.

Baada ya wiki mbili Venant alikuja. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Nilijua siku hii itafika na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa panga. Hakuwa na kitu mkononi zaidi ya kofia yake. Nilimkaribisha kiti, akakaa kwenye ncha.

"Papa Injenyeri, pole na kazi," alisema. "Nakuja kukuuliza neno moja tu, mutoto hanipe usingizi. Ile siku ulipanda kule, batu ya ngambo balikuona. Sasa mie nataka kujua. Mama Noëlla alikuuliza?"

"Aliniuliza nini?"

"Kama iko muzuri. Ile ufa. Asubuhi mbele niende Kadutu nilimwambia: Papa Injenyeri akipita, umuulize. Alisema ndiyo. Noëlla naye anasema mama aliuliza, lazima aliuliza, juu mama alikuwa anakuulizaka kila kitu. Lakini mie nafikiri hivi: kama angeuliza, wewe ungemwambia. Unaona? Wewe unajua ile maji. Angeuliza, leo angekuwa hapa."

Alinitazama machoni, bila hila yoyote. Hakukuwa na mtu mwingine hai aliyesikia lile swali wala lile jibu.

"Hakuniuliza," nikasema.

 Uso wa Venant ukabadilika, na nilichokiona kilikuwa hasira, lakini haikunielekea mimi.

"Kichwa nguvu," akasema kwa sauti ya chini. "Kichwa nguvu ya ule mwanamuke! Nilimwambia. Nilimwambia mara mbili. Alikuwa anaona aibu kuuliza mbele ya batu, ao alikuwa anafurahi sana na batu yake. Ameua bamama ya wenzake. Ameniachia mutoto." Akapiga goti lake kwa ngumi, akalia, na mimi nikazunguka meza nikamshika bega.

Alipotulia alinishukuru. Alisema afadhali kuujua ukweli, hata kama unauma. Sasa atakwenda shuleni kwa masista kumtoa Noëlla darasani, amwambie mwenyewe, asikie na aache kusumbua watu: mama yake hakuuliza.

"Umwambie polepole," nikasema.

"Aksanti, Papa Injenyeri," akasema, akavaa kofia, nami nikamfungulia mlango.